Vipambanuzi vya Nuru katika Pwani ya Mvita



Tarehe 12 Juni 2009 mkongo wa TEAMS, uliotandazwa chini ya bahari kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, uliwasili Mombasa, na Rais Mwai Kibaki akaja mwenyewe Ngomeni, yaani Fort Jesus, kuupokea. Na haukupita mwezi na nusu ila mkongo wa pili, wa SEACOM, nao ukafunguliwa tarehe 23 Julai, kisha 2010 ukafuata EASSy, na 2012 LION2 uliotokea upande wa visiwa vya Bahari ya Hindi. Siku hizo sisi watu wa Mvita tulizungumza sana juu ya urefu wa mikongo hiyo, na meli zilizoileta, na bei ya intaneti ambayo wakati wa setilaiti ilihesabiwa kwa maelfu ya dola kwa megabiti moja kwa mwezi. Wala sikumbuki kumsikia mtu barazani akizitaja zile ala ndogo zilizofungwa kwenye ncha za nyuzi, ambazo kazi yake ni kukusanya nuru nyingi zipite katika uzi mmoja na, zikifika ng'ambo, kuzipambanua tena kila moja ishike njia yake. Nami jioni hii nakusudia kuzisemea ala hizo, kwa kuwa naamini ya kwamba thamani ya mkongo imo ndani yake kuliko ilivyo katika ule uzi wenyewe, na kwamba mji uliojaaliwa kupokea mikongo mingi kiasi hiki una haja ya kuzijua ala hizo kwa ilimu na kwa mikono.

Tazameni mkongo wa EASSy, unaoanzia Mtunzini huko Afrika Kusini ukaambaa na pwani yetu yote hata kufika Port Sudan, safari ya kilomita zipatazo 10,000. Ndani ya mkongo huo, ukiondoa chuma, shaba na plastiki ya kuukinga na miamba na nanga, mna jozi mbili tu za nyuzi za kioo, yaani nyuzi nne: mbili za kwenda na mbili za kurudi. Kila uzi una unene wa maikromita 125, unaokaribia unywele, na njia yenyewe ya nuru katikati yake haizidi maikromita tisa hivi. Akili ya kawaida itauliza, na ina haki ya kuuliza, yawezekanaje mabenki, mahospitali, vyuo, magazeti na simu za nchi kadhaa kupita kwa wakati mmoja katika tundu kama hilo bila ya maneno ya huyu kuingiliana na ya yule.

Jawabu mnalo mbele yenu, katika redio hiyo hiyo mnayonisikilizia. Hewa ya Mombasa saa hii imejaa sauti za stesheni nyingi, moja inasoma habari, ya pili inapiga taarabu, ya tatu inatoa mawaidha, na zote zinapita katika dirisha lile lile la chumba chenu. Walakini redio yenu haichanganyikiwi, kwa sababu kila stesheni imepewa wimbi lake, na kifaa kimeundwa kulipokea wimbi moja na kuyaacha mengine. Yanayotendeka ndani ya uzi wa kioo ni mambo hayo hayo, ila tu mawimbi ya nuru ni mafupi mno. Mikongo mirefu hutumia nuru isiyoonekana kwa jicho la binadamu, ambayo urefu wa wimbi lake ni baina ya nanomita 1530 na 1565, kwa kuwa nuru ya aina hiyo ndiyo isiyopungua sana ndani ya kioo. Nafasi hiyo ya nanomita 35 hukatwa vipande vyembamba, kila kipande kikiachana na mwenziwe kwa nanomita 0.8, au kwa nusu ya hiyo, na kila kipande, ambacho wahandisi hukiita lambda na mimi nitakiita rangi, hubebeshwa shehena yake peke yake. Ala inayozikusanya rangi hizo mwanzoni mwa uzi huitwa maltipleksa, na inayozitenga mwishoni huitwa dimaltipleksa. Na ajabu ni kwamba aghalabu zote mbili ni kitu kile kile, kikipokea nuru upande huu hukusanya, na kikiipokea upande wa pili hupambanua, wala ndani yake hamna umeme wala kitu chochote kinachocheza.

Hamu ya kupitisha maneno mengi katika waya mmoja si ya zama zetu. Zanzibar ilikwisha kufungamana na Aden kwa waya wa simu ya maandishi tangu 1879, na 1890 waya ukavutwa chini ya bahari kutoka Unguja hadi hapa Mombasa na kampuni ya Eastern and South African Telegraph. Na katika miaka hiyo mafundi wa Ulaya na Marekani walikuwa wanashindana kutafuta hila ya kupeleka risala mbili, nne, hata zaidi, kwa waya mmoja, maana waya wa baharini ulikuwa ghali na kila dakika ya kungoja ilikuwa hasara. Alexander Graham Bell mwenyewe alikuwa anashughulika na hila ya namna hiyo, ya kuupa kila ujumbe mlio wake katika waya, pale alipoangukia simu ya kusema mwaka wa 1876.

Na ilimu ya kuipambanua nuru ina nasaba kongwe zaidi, ambayo sisi tuliosomeshwa chuoni hatuna udhuru wa kutoijua. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Cairo karibu na mwaka wa 1040, aliandika juzuu saba za Kitab al-Manadhir akachunguza kwa majaribio vipi nuru inasafiri, inaakisiwa na kupindika. Na zaidi ya karne mbili na nusu baadaye Kamal al-Din al-Farisi, akiisherehesha kazi hiyo, alitwaa tufe la kioo akalijaza maji, akaliweka mbele ya jua ndani ya chumba cha giza, akaonesha kwamba upinde wa mvua huzaliwa kwa nuru kupindika mara mbili na kuakisiwa ndani ya tone. Newton akaja na mchi wake wa kioo katika karne ya 17, akathibitisha ya kuwa rangi zimo ndani ya nuru nyeupe yenyewe na kioo kinazitenga tu. Dimaltipleksa iliyoko kwenye kituo cha mkongo ni mjukuu wa tufe lile la maji.

Hata hivyo mchi wa kioo haungetosha kwa kazi hii, kwa sababu rangi zilizoachana kwa sehemu ya nanomita zingetoka zimelaliana. Palitakiwa hila ya ndani zaidi, na hila hiyo ilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1980, Meint Smit wa Uholanzi akiwa miongoni mwa waanzilishi wake. Juu ya kibao chembamba cha silika, yaani kioo, ambacho chaweza kutoshea kiganjani, huchorwa njia nyingi za nuru zilizopangwa kama nyuta sambamba, makumi kwa makumi, na kila njia imezidi urefu wa jirani yake kwa kiasi kile kile kisichobadilika, makumi machache ya maikromita. Nuru yenye rangi zote huingia, ikasambaa katika njia zote kwa pamoja, na kwa vile njia zimetafautiana urefu, mawimbi hutoka upande wa pili yakiwa yamepitana kidogo kidogo. Hapo mawimbi ya rangi moja hukutana yakapeana nguvu mahali pamoja, na mahali pengine pote yakauana. Mawimbi ya rangi ya pili hukutana mahali pengine, hatua ndogo pembeni. Ya tatu vivyo hivyo. Kwenye kila mahali pa kukutana umewekwa uzi unaosubiri, nao hupokea rangi yake tu. Mimi sijui sanaa nyingine iliyofanya kazi kubwa hivyo kwa kutumia kitu kidogo hivyo, nacho ni urefu tu, uliopimwa kwa adili.

Lakini adili hiyo ina adui, na adui huyo sisi tunamjua vizuri. Silika ikipata joto hubadilika, na rangi inayotoka katika kila mlango husogea kwa kadiri ya nanomita 0.01 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kwa mtu wa nchi za baridi hilo ni jambo dogo. Chukueni sasa sanduku la chuma lililofungwa ukutani kandokando ya barabara ya kisiwa hiki, katika siku za mwisho za kaskazi, mwezi wa Februari au Machi, pasipo kivuli wala upepo, na ndani yake joto limepanda kutoka nyuzi 25 hata 55: rangi zitakuwa zimesogea kwa nanomita 0.3, na ikiwa zilipangwa kuachana kwa nanomita 0.4, basi rangi ya jirani imekwisha kubisha hodi mlangoni pa mwenziwe. Ndiyo maana vituo vya mikongo ni nyumba zenye ubaridi mchana na usiku, na ndiyo maana kwa matumizi ya nje hutengenezwa ala za namna mbalimbali zisizojali joto, au zile za daraja ya chini ambazo rangi zake zimeachana kwa nanomita 20 nzima, hata zikisogea hazigusani. Mwenye kuchagua ala kwa ajili ya Mombasa kwa kusoma bei peke yake, asitazame mstari unaosema joto, amenunua hitilafu ya miezi ya joto kwa fedha taslimu.

Sasa natoka baharini niingie Mji wa Kale, maana huko kuna ala ya pili, ndugu wa hiyo ya kwanza lakini tabia zao mbali, na watu wengi huzichanganya. Katika vichochoro vya Ndia Kuu, Kibokoni na Mkanyageni, ambako nyumba za mawe ya matumbawe zimekabiliana hata roshani zinakaribia kuamkiana, faiba huingia mtaani kwa uzi mmoja, na uzi huo hufika kwenye kisanduku kilichopigiliwa ukutani, na ndani ya kisanduku hicho mna kitu chembamba mfano wa kidole, ambacho mafundi hukiita splita. Splita haijui rangi. Yenyewe huigawa nuru mafungu mawili yaliyo sawa, kila fungu mawili tena, na hayo mawili tena, mara tano mfululizo, hata uzi mmoja ukawa mikia 32, kila mkia una takriban asilimia tatu ya nuru iliyoingia, pungufu kidogo kwa ile iliyopotea njiani. Nami huwa nalinganisha hesabu hiyo na ya baharini: nuru katika uzi mzuri wa kioo hupungua nusu kwa kila kilomita 15 hivi, kwa hiyo kiasi kile ambacho bahari inakila katika kilomita 75, splita inakigawa mahali pamoja, ukutani, katika urefu wa kidole. Baharini kila baada ya kilomita 60 hadi 100 kuna kikuza nuru, kilichotiwa madini ya erbiamu na kulishwa umeme kutoka ufukoni, ambacho hukuza rangi zote kwa mpigo mmoja, na pasingekuwa na kikuza hicho, kilichobuniwa katika miaka ya 1980, rangi nyingi katika uzi mmoja zisingevuka bahari kwa gharama inayostahamilika. Mtaani hakuna kikuza, nuru iliyogawika ndiyo hiyo hiyo.

Kwa hiyo usafi ndio kila kitu. Mtazameni fundi anapouunga uzi juu ya ngazi: huumenya ganda lake, akaufuta kwa kitambaa chenye spiriti, akaukata kwa kisu maalumu ili uso wake uwe sawasawa, akazilaza ncha mbili katika mashine inayozionesha kwenye skrini yake zimekuzwa kama magogo mawili, kisha cheche hupiga, kioo kikayeyuka na kushikana, na mashine ikaandika hasara ya muungano, labda desibeli 0.02, fundi akaridhika. Lakini chembe moja ya vumbi la chokaa, lile linalodondoka kutoka kuta zetu za kale kila zikiguswa, ikituwa juu ya ile njia ya maikromita tisa, yaweza kuziba nuru hata nyumba nzima ikose mawasiliano, na mwenye nyumba akamlaumu aliyeko Nairobi ilhali kosa liko hatua mbili kutoka mlangoni pake.

Bibi mmoja wa Kibokoni alikuwa amekaa kizingitini pake akimtazama fundi kijana akifunga mkia wake kwenye kisanduku, akamwuliza, "Mwanangu, kama nuru ni moja na imegawiwa nyumba zote hizi, basi maneno ya jirani si yataingia kwangu, na yangu kwake?" Fundi akamjibu, "Bi mkubwa, yanaingia, lakini yamefungwa. Kila nyumba ina ufunguo wake." Nimelipenda swali hilo, kwa kuwa limefika kwenye kiini kuliko maswali ya wengi waliosoma. Kweli kabisa, kinachoshuka kutoka kituoni hufika kwa nyumba zote 32, na kila kifaa cha nyumbani hukichukua kilicho chake, kilichofumbwa kwa siri, kikayaacha mengine. Na kwa kupanda, nyumba hupewa zamu: mtambo wa kituoni hupima umbali wa kila nyumba, ukaipa kila moja wakati wake wa kusema, uliokatwa kwa sehemu ndogo sana za sekunde, ili nuru za nyumba mbili zisigongane zikikutana katika splita. Fauka ya hayo, ndani ya kifaa cha nyumbani mna kipambanuzi kidogo cha rangi, kwa sababu maneno ya kushuka husafiri kwa nuru ya nanomita 1490 na ya kupanda kwa 1310 katika uzi ule ule. Bi mkubwa huyo, bila ya kuambiwa na mtu, ana chumbani mwake mwana wa ile ala iliyoko kwenye kituo cha mkongo.

Na niseme jambo jingine juu ya splita, ingawa si la kihandisi. Mji wa Kale umeteseka kwa nyaya. Nyaya za umeme, za simu, za televisheni, zimetambaa juu ya milango iliyonakshiwa na kupita mbele ya roshani za mbao zilizochongwa na mababu, na kila aliyekuja na biashara mpya alipigilia misumari yake. Splita ingetumiwa kwa adabu, uzi mmoja ungeingia kichochoroni mahali pa nyuzi 32, na mgawanyo ungefanyika ndani ya ua au nyuma ya nyumba, pasipoonekana. Yategemea mahali kisanduku kinapowekwa, na hilo laamuliwa kwa dakika tano na mtu aliye juu ya ngazi.

Turejee baharini. Mwezi wa Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini iliteremsha nanga mahali palipokatazwa, ikaukata mkongo wa TEAMS karibu na Mombasa, nayo mikongo mingine ilikuwa imekwisha kukatika mwezi huo huo katika Bahari ya Shamu. Nchi nyingi za Afrika Mashariki zilisikia uzito wake, na shehena ikabidi ipitishwe kwa njia zilizosalia. Watu walitoa funzo moja katika tukio hilo, nalo ni kuongeza mikongo. Na mikongo imeongezeka, hata leo tuna PEACE na DARE1, na 2Africa uliobuniwa kuizunguka Afrika yote ukiwa na hadi jozi 16 za nyuzi. Mimi sipingi. Lakini uzi ulionusurika hauwezi kubeba shehena ya ndugu yake aliyekatika isipokuwa ncha zake zina rangi za ziada zilizowekwa tayari, na watu wanaojua kuziwasha.

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Mkongo ukisha kulazwa chini ya bahari, haufukuliwi ili kuongezwa uwezo. Kinachobadilishwa ni vilivyoko nchi kavu. Mikongo yetu ya mwanzo ilifunguliwa kwa rangi zilizobeba gigabiti 10 kila moja, na baadaye uwezo wa EASSy na wa SEACOM ukapandishwa kwa kubadilisha mitambo ya ufukoni tu, bila ya meli kung'oa nanga. Fanyeni hesabu wenyewe: rangi 80 zenye gigabiti 10 ni gigabiti 800, rangi hizo hizo zikibebeshwa gigabiti 100 kila moja ni terabiti nane, na kioo ni kile kile. Kwa maana hiyo nusu ya utajiri wa mkongo haikuja na meli. Inaendelea kuundwa, mwaka baada ya mwaka, katika vyumba vyenye ubaridi huku pwani na katika masanduku ya barabarani, na mwenye ilimu ya ala hizo ndiye anayeamua uzi wa kale uzeeke au uwe kijana tena.

Na Mombasa si mji usio na desturi ya kufundisha mikono. Mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, ya Aga Khan, ya jamaa za Mabohora na ya wengineo, ilianzishwa hapa kisiwani taasisi ya elimu ya Waislamu ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la MIOME, kwa nia ya kuwatoa vijana wa pwani mafundi wa mitambo na wa umeme. Nayo ikawa politekniki, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, pale Tudor. Ningependa kuona katika karakana yake meza moja yenye dimaltipleksa ya silika, splita ya mikia 32, kipimo cha nuru, mashine ya kuungia faiba, na kipimajoto, na meza hiyo isifungiwe ndani ya chumba cha ubaridi, bali sanduku lake lipandishwe juu ya paa mwezi wa Februari, wanafunzi waandike kila saa, tangu alfajiri hata magharibi, rangi zimesogea kiasi gani na mkia upi umepungukiwa na nuru kwa ajili ya chumvi na unyevu wa bahari. Vitabu vya ala hizi vimeandikwa kwa hali ya hewa ya wengine, na daftari la namna hiyo, likiwekwa kwa miaka mitatu au minne, litakuwa na haja kwa kila mji wa pwani hii, Lamu, Malindi, Tanga, Unguja na Dar es Salaam, ambao joto lake ni letu na chumvi yake ni yetu. Na gharama yake, nimepiga mahisabu, haifiki bei ya gari moja la kazi.